Mizabibu Yako Inalala

Malvern, Johannesburg, mwezi wa pili

Kwa Ndugu Placide, muuza miche wa Jules Street,

Nakuandikia kwa heshima kidogo iliyobaki, nyingine mizabibu yako imeimaliza. Mimi ni yule bibi wa Kondoa uliyemuuzia miche sita, ukaapa kwamba nitachoka kugawa zabibu. Shule sikukaa sana, kwa hiyo usitafute makosa ya herufi, tafuta makosa yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ni mivivu. Kwetu Dodoma mzabibu haulali, unazaa mara mbili kwa mwaka. Ya kwako ikifika Juni inavua majani yote, inasimama uchi mbele ya wageni wangu hadi Septemba.

2. Haina shukrani. Naipogoa Aprili na Novemba kama baba yangu, na baba yangu hakuwahi kukosa zabibu. Nikiikata Aprili inachipua, halafu baridi inapiga, machipukizi yanakuwa meusi kama majani ya chai. Hayajitetei hata kidogo. Novemba naikata tena, na vishada vyake vya maua, ili ipate nguvu. Nguvu yenyewe sijaiona.

3. Haisikii. Naisema kila asubuhi, kwa Kirangi na kwa Kiswahili. Imekuwa kama wajukuu zangu waliozaliwa hapa: unajua kabisa wameelewa, lakini jibu halitoki.

4. Mwanangu Mansour ameshaleta matofali. Anasema mwezi huu ukiisha bila kichala hata kimoja, anang'oa yote ajenge vyumba vya kupangisha. Mimi nimelima tangu utotoni. Leo nikae uani mikono mitupu, nimtazame mpangaji anavyoanika soksi?

Kwa hiyo naomba unibadilishie mizabibu yote, unipe isiyolala. Kama huna, nibadilishie baridi ya Johannesburg, maana ulijua unauzia wapi. Hilo nalo likikushinda, mchukue Mansour unipe mwana mwingine. Huyu wangu bado yuko katika hali nzuri, na chakula hachagui.

Nisalimie mkeo Arlène, watoto, wateja wako, hata yule mlinzi anayesinzia getini. Nadhani miche ilijifunza kwake.

Ni mimi, mwenye haki yangu,
Bibi Shufaa

N.B. Barua nilishaifunga, jirani yangu Marcelline akaniletea bakuli la zabibu, tamu za kuudhi. Zimetoka kwenye kijiti nilichokata kwenye mizabibu yako mwaka ule wa kwanza nikakitupa upande wake wa ukuta. Yeye alikichomeka kishikilie nyanya, kikaota. Anasema hajakipogoa hata siku moja, kwa sababu mkasi wake wa kupogolea ninao mimi. Mansour amemaliza bakuli zima, sasa anauliza matofali ayapeleke wapi. Basi usinibadilishie kitu. Wala sijasema nimekosea. Ila kabla ya Aprili mtume mtu aje auchukue huo mkasi, na aseme ni wewe unayeuhitaji.