Taji la Ncha Tatu

Jumamosi, 12 Oktoba 2019

Mvua. Gulioni saa moja asubuhi, kabla ya Vosskuhl. Meza ya mwisho, karibu na choo. Nimeipata!

Beji ya rubani wa enzi za Kaisari wa Ujerumani. Shada la majani, ndege katikati, taji juu. Imegandwa na uchafu wa miaka mia moja. Sitaisafisha. Anayesafisha beji ya kale ni muuaji.

Jambo kuu ni taji. Beji za Prussia zina taji lenye msalaba. Za Bavaria zina lake. Hili langu lina ncha tatu zilizolala kidogo, na kila ncha ina kidonge mwishoni. Halimo katika kitabu chochote. Nyuma hakuna jina la fundi. Hitimisho: beji ya majaribio, ufalme mdogo, fundi asiyejulikana. Hajulikani mpaka leo!

Ijumaa chama chetu cha wakusanyaji kinachagua mkaguzi mpya, maana mzee Kersting macho yamemwisha. Mkaguzi ndiye mwenye muhuri. Beji isiyo na muhuri wake ni kipande cha bati. Nimeungoja miaka kumi na tisa. Wagombea ni wawili, mimi na Vosskuhl muuza miwani. Kila mmoja ataleta kipande kimoja na kumtaja aliyekitengeneza.

Mama mkwe kashuka kutoka chumba chake cha juu, kaomba aione. Nikamwambia anywe kahawa yake kwanza.

Jumapili, 13 Oktoba

Vipimo. Uzito gramu 24, kwa mizani ya jikoni. Urefu milimita 70.8. Kitabu kinasema beji za marubani ni 72.

Balaa. Beji ya kuiga hutoka ndogo. Mwigaji humimina madini katika kalibu iliyochukuliwa kwa beji halisi, na madini yakipoa husinyaa. Kila mwanachama anajua. Vosskuhl atapima. Vosskuhl hupima hata mkate.

Roswitha, mke wangu, kauliza kwa nini nisimwulize mama yake, aliyefanya kazi kwa Lohoff, kiwanda cha beji cha hapa mjini, tangu usichana. Nikamweleza kwa upole kwamba mama yake alikuwa akilehemu pini tu. Apigaye misumari ya jeneza hamjui marehemu. Roswitha kasema nisimletee maneno ya majeneza mezani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekutana na Vosskuhl dukani kwa mwoka mikate. Kasema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba amesikia nimeokota kitu karibu na choo. Haya Bwana Wittkamp, mikono umenawa lakini? Muuza mikate kacheka. Nikanunua mikate minne na kutoka kwa heshima. Nilihitaji miwili.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepata ufumbuzi! Madini hutanuka yakipata joto. Fizikia, darasa la tisa. Beji imekaa kwenye baridi ya gulioni, lazima imejikunja.

Saa nane mchana Roswitha alikuwa anaoka keki ya plamu. Naandika kwa haraka, mkono umeungua. Nikaipachika beji rafu ya juu ya oveni. Nyuzi 200, nusu saa. Nikapima ikiwa moto. Milimita 71.0! Maendeleo.

Ila lehemu ya bati imeyeyuka. Pini haipo nyuma ya beji.

Saa kumi. Pini imepatikana. Mchungaji wa kanisa letu, aliyekuja kunywa kahawa, ndiye aliyeipata, katika kipande chake cha keki. Roswitha hasemi nami.

Jumatano, 16 Oktoba

Beji isiyo na pini haiwezi kuonyeshwa. Nimelazimika kumwomba mama mkwe. Katoa chuma chake cha kulehemu ndani ya kopo la biskuti. Dakika mbili. Miaka themanini na moja, na mkono hautetemeki.

Kisha kaigeuza. Kaitazama. Kaanza kucheka mpaka kashika meza. Mkwe wangu, kasema, hii beji mimi... Nikamkatiza. Nina haraka, na upande wa mbele usiguswe. Haya baba, kasema, kapanda ngazi akicheka hadi juu. Uzee.

Ijumaa, 18 Oktoba

Saa tano usiku. Naandika yaliyotokea mkutanoni kwa mpangilio.

Vosskuhl alianza. Beji ya Prussia, alama ya fundi nyuma, dakika nne. Hakuna fikra.

Mimi dakika arobaini, na michoro. Kuhusu urefu nilieleza nadharia ya joto. Vosskuhl akauliza kama marubani wa ufalme huo walikuwa wakipigana ndani ya oveni. Kicheko kirefu mno.

Beji ikapitishwa mkono kwa mkono. Ikafika mwisho wa meza, ambako Roswitha na mama yake, waliokuja kama wageni, walikuwa wakila soseji na viazi. Mama mkwe akachovya kitambaa katika bia yake, akaifuta! Nikapiga kelele. Nilichelewa. Ncha tatu zikatokea: nyekundu, kijani, nyekundu.

Akasema, kila mtu akisikia, kwamba hilo si taji. Ni kofia ya mchekeshaji, na hivyo vidonge ni njuga. Ni nishani ya kanivali, sikukuu ya watu kujivika na kuchekeshana, ya chama kimoja cha mji wa Cologne, mwaka 1955. Mwaka huo walikuwa wamejivika kama marubani. Vipande mia tatu, na pini zote alilehemu yeye, msichana wa miaka kumi na saba. Nilitaka kumwambia Jumatano, akasema, lakini mkwe wangu ana haraka.

Vosskuhl akafuta machozi ya kicheko, akamsukumia beji yake: na hii je, bibi? Akaigeuza mara moja. Beji ni nzuri, mwanangu, lakini pini si yake. Hii ni pini ya Lohoff, tulianza kuitumia mwaka wa sitini. Vosskuhl akairudisha beji yake mfukoni. Kwa hilo tu, jioni haikupotea yote.

Mwenyekiti Tillmanns akauliza kama bibi ni mwanachama. Si mwanachama. Fomu ikaletwa, akaijaza. Kura ikapigwa.

Mama mkwe kumi na nne. Vosskuhl tatu. Mimi moja. Naijua ilikotoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Muhuri uko chumba cha juu, ndani ya kopo la biskuti. Juu ya kichwa changu.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa bia. Nimeandika pingamizi, kurasa sita.

Leo gulioni, meza ileile. Beji nyingine! Uchafu mzito zaidi. Milimita 74, yaani kubwa mno kwa mbili. Mama mkwe kaniona ukumbini, kaomba aione. Nikamwambia asisumbuke, hii ni kazi ya wataalamu.

Iko kwenye friza, kati ya njegere na samaki. Nitapima kesho.