Malalamiko Dhidi ya Mashine Iliyonipokonya Mlingoti

Mtaa wa Kisimani Juu,
Sumbawanga.
Jumatano, 9 Julai 2003

Kwa Ndugu Masanja,
Mwenyekiti wa Mtaa.

Yah: KUPOKONYWA KAZI YA KUGEUZA ANTENA

Ndugu Mwenyekiti,

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu tungekutana ungeniamkia, na mimi sipendi kumdai mtu shikamoo kwa barua. Hali yangu ni njema isipokuwa magoti, baridi ya mwezi huu, na jambo hili ninalokuandikia.

Ni mimi Kasmir, yule mzee wa mlingoti. Nimesoma hadi darasa la tatu kwa mapadre, la nne nililiona dirishani tu. Kwa hiyo mwandiko ukipinda, unyooshe mwenyewe, ndiyo kazi ya kiongozi.

Wewe habari unazijua, lakini barua kwenye faili huishi zaidi kuliko watu, basi naeleza kwa faida ya atakayeikuta. Kilabu cha pombe cha Mama Fransiska kina televisheni moja. Antena yake iko nje, juu ya mlingoti wa mkaratusi. Ikitazama upande wa Mbeya tunapata stesheni ya kwetu, ikitazama kusini tunapata ya Zambia. Haiwezi kutazama kote kwa pamoja, kama mwanamume wa wake wawili. Kwa miaka mitano mgeuzaji wa mlingoti huo nilikuwa mimi. Watu wako ndani wanatazama, mimi niko nje nimeukumbatia, na sauti zinanijia kutoka dirishani: zungusha babu, zungusha, bado chenga, hapo, hapo hapo, aa, umepitiliza, umetupeleka Zambia. Narudisha unene wa kidole, na wachezaji wanaota miguu. Ujira wangu ulikuwa kata ya kwanza ya pombe ya ulezi na kigoda cha karibu na moto.

Sasa amekuja mjukuu wangu Herieth, binti wa marehemu mwanangu Theodory. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na amekataa kukaa bure. Aliokota printa mbovu iliyotupwa jalalani, akaichinja kama kuku, akatoa mota. Mota hiyo si kama ya mashine ya kusaga, ambayo ukiiwasha inakimbia tu kama imeona nyoka. Hii inakwenda kwa hatua, moja, moja, kama bibi harusi anayeingia kanisani. Inaamriwa na kidude cheusi chenye miguu kumi na minane, kifupi kuliko kidole changu, ambacho aliagiza Dar es Salaam kikaja kwa basi siku tatu ndani ya soksi. Kati ya kidude na mota ameweka transista nne. Nilimuuliza za nini. Akasema, babu, kidude kina akili lakini hakina nguvu, mota ina nguvu lakini haina akili, lazima wawepo wa kati wa kupokea amri ndogo na kuishusha kubwa. Nikamwambia hiyo si mashine, mke wangu, hiyo ni wilaya.

Basi mnyororo wa baiskeli umefungwa kati ya mota na mlingoti. Mama Fransiska anabonyeza kitufe, mlingoti unajigeuza wenyewe, tiki tiki tiki, watu wanapiga makofi. Mimi niko benchi la nyuma pamoja na wengine wasio na kazi.

Jumamosi hii, na wewe ndiwe uliyewaalika, wanakuja walimu wawili wa chuo cha ufundi kuitazama mashine. Wakiridhika, watamchukua Herieth muhula huu. Wasiporidhika, atabaki hapa, na kuna mwenye boti mmoja wa Kabwe, mtu mzima, meno yake unayahesabu ukiwa ng'ambo ya barabara, ambaye ameshatuma mshenga na mfuko wa migebuka, samaki wa ziwani. Hayo nayajua. Lakini haki ni haki hata kwa mzee, na mimi naomba mashine isimamishwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu zifuatazo.

1. Nimebinafsishwa bila zabuni. Katika soko huria hili tumeambiwa shirika la umma likiuzwa hutangazwa kwanza gazetini, waje wenye nia, watazame bawaba na mabati. Mimi nilikuwa shirika la umma. Nilihudumia umma wa kilabu kizima, nilichelewa kama shirika la umma, na nililala kazini kama shirika la umma. Mwekezaji ameingia na kunichukulia mlingoti asubuhi nikiwa misa. Hakuna aliyekuja kunikagua hata magoti.

2. Baiskeli yangu. Mnyororo na gia vilivyoko pale mlingotini ni vyangu. Jumapili naikokota baiskeli hadi kanisani na kuirudisha, na wiki iliyopita katekista aliniuliza kama nimeileta iombewe.

3. Mila. Babu yangu mzaa baba alikuwa akiyeyusha chuma katika yale matanuru marefu ya udongo ambayo magofu yake bado yamesimama huko maporini. Kwa wazee wetu tanuru jipya lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na mafundi walijizuia na wake zao hadi chuma kitoke. Herieth ameyeyusha risasi ya kuchomelea waya juu ya kigoda changu, akakitoboa. Hakuimba. Hakuleta hata jogoo. Nilipomwambia kwamba tanuru ni bibi harusi na lina heshima zake, akanijibu bila kuinua macho kwamba kama bibi harusi hapa ni yeye, na mimi ndiye ninayemwita mke wangu tangu ananyonya, basi jogoo ni wangu kuleta. Nimeleta. Lakini nalalamika.

4. Mashine haioni. Hili nataka ulisome polepole. Herieth ameifundisha kwamba kutoka kwetu hadi Zambia ni hatua mia mbili na kumi na mbili. Basi inahesabu. Haitazami ilipo, inahesabu tu. Upepo ukiushika mlingoti, mota inanguruma palepale, na kidude kinaendelea kuhesabu mpaka mia mbili na kumi na mbili, kisha kinapumzika kwa amani kama mtu aliyefika. Nimewahi kufanya kazi chini ya mabwana shamba wa namna hii. Lile dume lako la ng'ombe lilipojikuna kwenye mlingoti mwezi wa nne tulipata picha nzuri kuliko zote za mwaka, na lilifanya hivyo bila betri. Kama tunataka wataalamu, dume lipo.

Cha kuniumiza ni kwamba mashine hii, ambayo kwa akili yoyote ingepaswa kukosea kila siku katika upepo huu wa Julai, haikosei. Wiki ya tatu sasa. Jioni picha inatikisika kidogo, kisha inakaa safi. Sijui inafanyaje. Sina maelezo.

5. Maongezi yamekufa. Mimi na Adriano, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hatujasemezana tangu mwaka wa tisini na saba kwa ajili ya mpaka wa shamba la mahindi. Lakini yeye hukaa dirishani. Kwa hiyo kila jioni alilazimika kuniambia "rudisha kidogo, Kasmir," na mimi nililazimika kurudisha. Ni maneno matatu, lakini kwa watu walionuniana ni hotuba. Siku moja aliongeza "asante," nikakosa usingizi. Sasa kitufe kinabonyezwa, Adriano yuko ndani, mimi niko nyuma, na hakuna anayeniita jina. Ukiwa na miaka sabini na mbili, kuitwa jina kwa kelele si jambo dogo.

6. Fikiria mbele. Mashine ikishajua kugeuza antena itajua kugeuza kila kitu. Kesho watakifundisha kidude kupitisha kikapu cha sadaka, hatua moja kwa kila muumini, na usipotoa hakisogei. Kesho kutwa kitachunga ng'ombe, na nyinyi watu wa ng'ombe mtakaa nyumbani mtazamane na wake zenu mchana kutwa, jambo ambalo hakuna ukoo uliowahi kulijaribu ukabaki salama. Halafu, Ndugu Mwenyekiti, watakufikia wewe. Mimi nimekusikiliza mikutanoni kwa miaka minne. Una kauli tatu: tutalifuatilia, lipo kwenye mchakato, na tukutane Jumanne. Herieth anasema kazi ya kauli tatu inahitaji vitufe vitatu na transista mbili tu. Nimemkataza asianze. Kumbuka hilo unapoamua.

7. Kwa hiyo naomba:

(a) mashine isimamishwe ifikapo Ijumaa;

(b) ikishindikana, niteuliwe Mkurugenzi wa Antena, nisifanye chochote, kama wakurugenzi wenzangu, ila kigoda changu kirudi karibu na moto, kikiwa kimezibwa tundu;

(c) hilo nalo likishindikana, basi sheria ifuatwe mpaka mwisho. Aliyechukua kazi achukue na ujira. Mama Fransiska aimiminie mashine kata ya kwanza ya pombe kila jioni, mbele ya mashahidi. Ikishindwa kunywa, mimi niko tayari kuinywea, bila kinyongo, kwa moyo wa ujirani.

Nisalimie mkeo Klementina, mwambie maziwa yale ya mgando yalifika na mtungi tutaurudisha ukikumbukwa. Wasalimie watoto wote, yule mdogo mwenye kikohozi mara mbili. Wasalimie wafugaji wenzako uliokuja nao, nao waendelee kutushangaa kwa kula ugali wa ulezi, na sisi tutaendelea kuwashangaa kwa kulala na ndama. Salamu za pekee kwa dume.

Ni mimi niliyekugeuzia fainali nne na ndoa moja ya kwenye tamthilia,

Kasmir

N.B. (geuza karatasi)

Ndugu Masanja, mwanangu. Huko mbele Herieth ameshasoma, kwa kuwa kalamu ni yake. Alicheka mpaka akaunguza kidole. Huku nyuma hajasoma, na asisome. Karatasi pia ni yake, imejaa michoro yake ya waya, naandika nikiipita pembeni kama mtu anayevuka shamba la jirani.

Usisimamishe kitu.

Mashine haifiki. Jioni ya kwanza ya upepo ilihesabu hatua zake zote ikakwama njiani, televisheni ikawa chenga tupu. Nilikuwa benchi la nyuma, nikamwona mtoto ameinamisha kichwa anangoja kuzomewa, ameshika betri kama anashika msalaba. Nikatoka kwenda kukojoa. Nikausogeza mlingoti unene wa kidole. Wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila jioni nakwenda kukojoa kitufe kinapobonyezwa, mpaka Mama Fransiska amenishauri niende hospitali nikapimwe sukari. Sasa mzee aliyenyang'anywa kazi asipolalamika watu watajiuliza anafanya nini huko nje. Ndiyo maana nimelalamika kwa maandishi, na nakala nitaibandika mlangoni kwa Mama Fransiska.

Adriano anajua. Alinifuma siku ya pili. Siku ya tatu alihamia tena dirishani na akaanza kukohoa. Akikohoa mara moja, nizungushe. Mara mbili, nimefika. Juzi alikohoa mara tatu, nikapita kumuuliza maana yake. Kumbe kweli alikuwa na mafua. Tukazungumza karibu saa nzima.

Kwa hiyo Jumamosi nisaidie haya. Walimu wakae wakilipa dirisha mgongo. Dume lifungwe mbali, maana nalo likitaka kusaidia tutakuwa wengi. Wakiuliza mbona mzee yule anatokatoka, waambie ni sukari. Na wakitaka kuiona mashine huko nje, uwape kwanza hotuba yako ya maendeleo ya mtaa, ile ndefu. Sijawahi kuihitaji mpaka leo.

Usidhani ni udanganyifu. Kidude ni chake, transista ni zake, hesabu ni zake, na siku isiyo na upepo inafika yenyewe sawasawa, nimeihakikisha nikiwa nimejificha. Kilichobaki ni kuipa macho, na hayo ndiyo anayokwenda kufundishwa. Mwenye boti wa Kabwe hawezi kumfundisha. Wakishamchukua nitauachilia mlingoti na kurudi kigodani.

Ila wasicheleweshwe hata kwa wiki, kwa maana huyu mtoto ana maswali. Hapa katikati ya karatasi ameandika: "Mbona haipotezi hatua kwenye upepo? Chunguza." Na sasa nimefika pembeni mwa karatasi, kwenye mchoro wake wa mwisho. Kidude kipo, transista zote nne zipo, mota ipo, mnyororo upo, mlingoti upo. Halafu chini ya mlingoti kuna kijitu kimevaa kofia kama yangu, kimeukumbatia, na mshale umeandikwa: MACHO.

Mimi umeme siuelewi, mwanangu. Kama wewe unajua maana ya alama hiyo, naomba usinieleze.

K.