Gauni la Bluu Lifungiwe Ofisini hadi Jumamosi

Kambi ya Birkenwinkel,
Kiwanja Na. 41, kando ya birika la kuoshea vyombo.
Alhamisi, 14 Agosti.

Kwa Bibi Mareike Tolksdorf,
Mwenyekiti wa Kambi,
Ofisini (hatua sitini kutoka hemani kwangu).

Mheshimiwa Bibi Mwenyekiti,

YAH: KUFUTWA KWA KANUNI YA NGUO ZA JIONI, NA KUFUNGIWA KWA GAUNI MOJA

Natumai u mzima, na kwamba mkono ulioumwa na nyuki umepungua uvimbe. Kwa kawaida ningekuita Mareike tu, maana hapa kambini, tunapoishi bila nguo, hatuitani kwa vyeo wala kwa majina ya ukoo. Ila kwa kuwa siku hizi jioni unakaa ofisini na shati, inanilazimu nikuite Bibi Mwenyekiti, na hilo lenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu, kama utakavyoona katika kipengele cha pili.

Mimi ni Lothar Zschoche, miaka sabini na mmoja, mkaguzi mstaafu wa mizani za masokoni, mkazi wa Zittau. Nimekuja hapa viangazi kumi na saba mfululizo. Sijawahi kulalamika, isipokuwa mara ile ya mikate na mara ile ya bata bukini.

Mwezi Juni kamati yako ilipitisha kanuni mpya: kuanzia saa kumi na mbili jioni, anayetaka kuvaa nguo na avae. Mlisema ni kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya wageni wapya wa mjini ambao bado wana haya. Nilinyamaza. Nilidhani watakaovaa ni mmoja wawili wenye baridi yabisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bibi Mwenyekiti, na mimi leo nauhitaji huo ukuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uzito.

Safari yangu ya kila mwaka ni ya wiki sita. Natoka Zittau kwa treni za polepole, zile zinazosimama hata pasipo na mtu, kwa ile tiketi ya mwezi ambayo mstaafu anaimudu. Nabadilisha treni mara saba hadi kufika kwenu, kisha naendelea hadi pwani ya kaskazini, halafu narudi nyumbani kwa kuzungukia magharibi. Ni kilomita elfu moja na mia nane, na sijawahi kulala hotelini. Kila ninaposhuka nalala kwenye kambi ya watu wasiovaa, na sababu yangu si falsafa, ni mzigo. Hema, sufuria, jiko, taulo mbili, kofia na mizani yangu ya kuning'iniza, vyote pamoja ni kilo tisa na gramu mia mbili. Nguo zilizomo humo ni shati moja na suruali moja, ninayoiita suruali ya treni, kwa kuwa makondakta hawana utani. Nikishuka naikunja, nikipanda naikunjua. Sifui, sipigi pasi, sigombanii kamba ya kuanikia.

Sasa tazama hatari iliyopo. Mtu akiruhusiwa kuvaa jioni, atataka nguo ya jioni. Nguo ya jioni haikubali kusokotwa pembeni mwa sufuria, inataka sanduku. Sanduku halipandi ngazi za stesheni ndogo, linataka gari. Mwenye gari haoni tena sababu ya kulala chini; anataka nyumba ya magurudumu. Nyumba ya magurudumu ina kabati, na kabati likiwepo litajazwa. Kwa hiyo kifungo kimoja cha jioni, kikiachwa hivi hivi, mwisho wake ni kabati la milango mitatu kando ya ziwa. Sitanii. Nimeona mizani zikiharibika kwa vumbi dogo kuliko hilo.

2. Vyeo.

Kwa miaka kumi na mmoja tumemjua Hartwig wa kiwanja 38 kama bingwa wa kupigilia vigingi. Ukiangukia ardhi yenye mawe, unamwita Hartwig. Tulikuwa tukimtania kwamba nyundo hana, anatumia kichwa. Jumatatu jioni akatokea na shati jeupe na tai. Egon, dereva mstaafu wa tramu kutoka Halle, akamwuliza, "We Hartwig, nani kafa?" Hartwig akajibu kwa aibu kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akivaa kazini. Kazi yenyewe, tukaja kujua, ilikuwa uhakimu.

Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya mikate, Hartwig akiwa kama alivyozaliwa na taulo begani kama sisi wote, watu wanne walimpisha. Nimewahesabu. Mmoja alimwambia, "Tangulia, mheshimiwa." Na jana upepo ulipong'oa hema la yule mwalimu wa kiwanja 30, hakuna aliyethubutu kumwita Hartwig, mwalimu alipigilia vigingi mwenyewe kwa kiatu. Hartwig alikuwa amekaa mbele ya hema lake akitazama, mikono juu ya magoti, na nilimwonea huruma. Tumepoteza nyundo, tumepata hakimu ambaye hatuna kesi ya kumpa.

3. Gundula.

Hapa naomba usome polepole.

Gundula Petzold wa kiwanja 42 unamjua: mkutubi mstaafu kutoka Magdeburg, mjane. Kwa viangazi kumi na vinne tumepakana. Turubai letu la kukinga upepo ni moja. Vigingi ni vyangu, kamba ni zake. Mikate tunaagiza kwenye mstari mmoja wa orodha: mitatu myeupe na mmoja wa mbegu. Na kila asubuhi ananipaka mafuta ya jua mgongoni, kisha mimi nampaka yeye. Kwa viangazi kumi na vinne nimeupaka mgongo ule kama mtu apakavyo grisi bawaba za mlango, akili yangu ikiwa kwenye kahawa. Hakuna wazo baya lililowahi kunipitia, wala zuri. Niko tayari kuapa mbele ya Hartwig.

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika tano, Gundula alitoka hemani amevaa gauni la bluu. Lina vifungo vyeupe mgongoni, kumi na kimoja. Akanigeuzia mgongo, ule ule, akasema, "Lothar, hebu nifungie hicho cha juu. Mkono wangu haufiki."

Bibi Mwenyekiti, mikono hii imeshika mawe ya mizani ya gramu moja moja kwa miaka thelathini na minane bila kutikisika. Jumanne ilikosa tundu la kifungo mara tatu. Kifungo kile kilinichukua muda mrefu kuliko kusimika hema, na supu yangu ya dengu iliungua. Alipogeuka kunishukuru, ndipo nilipogundua jambo ambalo halijawahi kunipata tangu wazazi wangu waliponileta ziwani nikiwa na miaka minne, enzi za ile serikali nyingine, kabla nchi haijaungana: nilikuwa uchi.

Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama kwa sababu mwingine amevaa. Nilichutama nyuma ya jiko la gesi, taulo kiunoni, na Egon alikuwa akipita na ndoo ya maji. "Lothar," akapaza sauti, "umepatwa na baridi, au umepatwa na mtu?" Safu nzima ya viwanja ikaangua kicheko. Gundula hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

4. Uhalifu wangu mwenyewe.

Tangu Jumanne naishi ndani ya suruali ya treni na shati langu, mchana kutwa, kwenye joto la nyuzi thelathini na tatu. Najua kuvaa kabla ya saa kumi na mbili ni kuvunja kanuni. Mlinzi wenu Detlef amenionya mara mbili, na mara ya pili ilikuwa saa nane, katikati ya mapumziko ya mchana, wakati ambao hata kuonya kwa sauti hakuruhusiwi. "Mzee, vua au hama," alisema. Naripoti kosa langu na naripoti la kwake pia, kwa haki.

Lakini nauliza: ni nani aliyenivisha? Jana asubuhi Gundula alikuja na chupa ya mafuta kama kawaida. Nikamwambia mgongo wangu hauhitaji, umefunikwa. Akasema, "Haya," akaenda kujipaka mwenyewe pale anapofika. Pale katikati ya mgongo asipofika pameungua, pekundu, ukubwa wa sahani. Nimepaona. Sijajisamehe.

5. Jumamosi.

Jana alasiri tulikutana kwenye birika la vyombo. Aliniambia goti lake limekataa kulala chini. Hema ameliuza kwa wale wageni wapya, na Jumamosi saa tatu na dakika ishirini asubuhi anapanda treni kwenda Bremen kuishi karibu na binti yake. "Hiki ndicho kiangazi changu cha mwisho hapa, Lothar," alisema, huku akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Ijumaa jioni kuna kodiani na dansi. Njoo. Hata na hiyo suruali yako iliyokunjamana, we njoo tu."

Nikamjibu, "Nitaangalia." Nitaangalia! Kama mtu aliyeulizwa kama kesho kutanyesha.

Na hii ndiyo hasara ninayoidai kutoka kwa kamati yako. Bila kanuni hiyo, Gundula angeondoka kama anavyoondoka kila mwaka. Angeniachia karoti zilizobaki, ningembebea begi hadi kituo cha basi, tungepungiana mikono, nami ningerudi hemani kula karoti. Nisingejua kinachoondoka na basi. Sasa nakijua, na nakijua kwa gramu.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima:

(a) Kanuni ya nguo za jioni ifutwe kabla ya kesho, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

(b) Gauni la bluu lichukuliwe kwa adabu na kufungiwa kwenye kabati la chuma la ofisi, lile lenye funguo za mashua, na mwenyewe arudishiwe Jumamosi akiwa ameshakaa ndani ya treni.

(c) Itangazwe kwa kipaza sauti kwamba Hartwig ni mpigilia vigingi na si kitu kingine.

(d) Endapo (a) na (b) hazitawezekana, mimi nihamishiwe kiwanja 7, nyuma ya vyoo. Najua kuna inzi. Inzi hawana vifungo.

Nisalimie mama yako, aliyeiongoza kambi hii miaka ishirini bila kumiliki hata kalamu, kwa kuwa hakuwa na mfuko wa kuiwekea. Msalimie Detlef, sina kinyongo naye. Msalimie pia mwokaji, na umwambie mkate wa mbegu wa jana ulikuwa pungufu kwa gramu kumi na nane.

Nabaki mtiifu kwa hewa safi na mizani ya haki,

Lothar Zschoche
(nimesaini nikiwa nimevaa, naomba radhi)

N.B. Nimelazimika kuongeza haya kabla ya kuifunga bahasha. Gundula alikuja kuomba kiberiti akaikuta barua hii mezani, na mkutubi hawezi kuona maandishi akayapita. Aliisoma yote amesimama. Kisha akatandika taulo, akakaa, akaniomba kalamu, akasahihisha nukta mbili. Mimi nilikuwa natazama ziwa.

Kwa hiyo tafadhali futa maombi (a), (b) na (d). Ombi (c) libaki. Kanuni ya jioni isiguswe kabla ya Jumapili, na ikiwezekana isiguswe kabisa.

Naomba pia kuazima pasi ya ofisi kesho saa tisa, mara tu mapumziko ya mchana yakiisha, kwa ajili ya suruali ya treni. Hartwig amenipa tai yake. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini ni jioni moja tu. Kiwanja 41 kitakuwa wazi kuanzia Jumamosi saa mbili asubuhi. Kufika Bremen ni treni nne za polepole, na tiketi yangu inaruhusu. Kwa kuwa goti lake halitaki mizigo, gauni litasafiri begini mwangu. Nimelipima: gramu mia sita. Mzigo wote sasa ni kilo tisa na gramu mia nane, na sijahisi tofauti.

Na kuhusu kile kifungo cha juu. Nilimwuliza, miaka yote hii ya ujane, kule Magdeburg, ni nani alikuwa akimfungia. Akanirudishia kalamu yangu, akasema, "Nafunga mwenyewe, Lothar. Mkono unafika."