Daktari wa Waya za Mzee Kipsang

Ilikuwa mwaka wa 1996, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai huko Boito, Mzee Kipsang alipopiga chafya na Noah Chepyegon akauona utajiri wake ukimetameta kinywani mwa mtu mwingine. Mzee alikuwa amefungwa waya za meno, juu na chini, na umri wake ni miaka hamsini na minne.

Msomaji asimcheke. Mzee aliutaka udiwani mwaka uliofuata, na picha ya kwanza ya kampeni ilimtoa na meno yanayosukumana kama watu kwenye foleni ya unga. Daktari wa Nakuru alimwambia waya zitakaa miaka miwili. Uchaguzi haukuwa na subira hiyo.

Noah naye alikuwa na haraka yake. Alimpenda Caren Chepngetich wa Longisa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kumdanganyia mtu. Wazee wa Caren walitaka ng'ombe sita. Noah alikuwa na watano. Asipopata wa sita kabla ya mwezi kwisha, wangemsikiliza mwalimu mmoja wa Kabianga ambaye ng'ombe wake sita walikuwa wamekwisha timia zizini.

Sasa, Noah aliwahi kufagia kliniki ya meno mjini, na huko alisoma ukurasa wa jarida la madaktari. Ulisema waya zinaposukuma meno, fizi huchoka na mwilini hutokea kitu kinachofanana na kutu, na kwamba huenda mimea fulani, kama majani mabichi ya chai, ikakipunguza. Ukurasa ulikuwa na "huenda" kumi na nne. Noah alizifuta zote.

"Chamgei, Mzee," Noah alimsalimia. "Hizo waya zinakuuma?"

"Zinauma mpaka naogopa ugali."

"Hiyo ni kutu. Si ya waya, ni ya damu. Wazungu wanaita oksidesheni. Ukitoa hiyo kutu, meno inatembea haraka. Miezi minne, umemaliza."

"Na dawa iko wapi?"

Noah alionyesha kilima kizima cha chai. "Umeikalia. Lakini si kila mtu anajua kuikamua. Gunia mzima ya majani inatoa chupa moja tu. Pesa yako sitaki, Mzee. Nipe tu ile ng'ombe mtamba nyekundu iko zizini yako."

Chupa ya kwanza ilifika asubuhi ikiwa ya kijani. Mzee alisukutua, akakunja uso, akatangaza kwamba anasikia meno yakitembea. Jioni mkewe, Rebeccah, aliishika chupa ile ile akakuta imekuwa ya kahawia. Rebeccah alikuwa amechuma chai miaka thelathini. Alijua kwamba majani yakilala guniani hugeuka mekundu, na karani huyakataa.

"Daktari," alimwambia Noah kesho yake, "dawa yako ya kuzuia kutu imeshika kutu."

"Ndiyo maana inachumwa kila asubuhi, Mama. Ikiwa freshi."

"Inachumwa na nani?"

Hapa Noah angenyamaza, mgongo wake ungemshukuru. Lakini hakutaka dawa ionekane rahisi. "Mkono ya daktari peke yake. Mkono ingine inaharibu nguvu."

"Na huyo mtamba ni wa nini? Si ungeomba pesa?"

"Naenda kuoa, Mama. Msichana wa Longisa, anaitwa Caren Chepngetich."

Rebeccah alitazama kando kidogo. Caren alikuwa binti wa kaka yake. Yeye ndiye senge, shangazi ambaye mahari haipiti bila neno lake, na Noah hakuwa na habari.

"Ni jambo zuri," alisema. "Chukua kikapu."

Msimu ulikuwa umepamba moto, chai inazidi kimo, na wachumaji wote wamenaswa na mashamba makubwa. Noah alichuma siku nane. Kila siku alikamua konzi moja, na gunia lililobaki Rebeccah akalipeleka kituoni kwa jina lake mwenyewe. Siku ya tisa Rebeccah alimkabidhi Noah mtamba mwekundu bila maneno mengi, naye akamswaga hadi Longisa akipiga mluzi.

Siku ya mahari, wazee waliuliza, kama ilivyo desturi, kila ng'ombe ametoka zizi gani. Watano walipita.

"Na huyu mwekundu?"

"Nimelipwa na mgonjwa," alisema Noah kwa unyenyekevu. "Mimi hutibu meno."

"Ni kweli," ilisema sauti mlangoni. Rebeccah aliingia, na nyuma yake Mzee Kipsang na waya zake zote. "Huyo ni ng'ombe wetu. Mimi senge siwezi kulipwa mahari na ng'ombe yangu mwenyewe. Wazee, hapa kuna watano."

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Caren hakucheka, na hilo lilimuuma Noah kuliko siku zote nane.

"Nimekuona ukichuma," Rebeccah aliendelea. "Siku ya kwanza ulichuma kama mbuzi. Ya nane, ukachuma kama mtu. Bei ya huyo mtamba ni kuchuma msimu mzima, na mwalimu wa Kabianga atangoja. Kama Caren bado anataka."

"Na dawa yangu?" aliuliza Mzee Kipsang, ambaye hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. "Meno inatembea, mimi nasikia."

Noah alifungua kinywa. Jibu tamu lilikuwa tayari, lenye oksidesheni ndani yake. Kisha akaona jinsi Caren alivyokuwa akimtazama, akingoja.

"Mzee," alisema, "ile ni chai tu. Waya ziache miaka miwili."

Caren akatabasamu, na Mzee Kipsang akawa mtu wa kwanza katika Boito nzima kushindwa uchaguzi mwaka mmoja kabla ya kura.