Shanga Shingoni mwa Maiki

Sabiri wa Manundu alikuwa na kazi nyingi na hakuwa na hata moja. Tangu biashara huria iingie nchini, alikuwa ameshauza saa zisizo na mashine, manukato yaliyoongezwa maji ya bomba, na mbegu za mahindi ambazo, tumtendee haki, zilikuwa za mahindi kweli, ila zilikuwa zimeshachemshwa. Mwaka huo wa 2003 alikuwa amekaa kwenye benchi la mama wa chai, stendi ya Handeni, hana mbele wala nyuma, alipomsikia mzee mmoja mwenye shuka nyekundu akigombana na redio.

"Huyu ndiye mnamwita mwimbaji?" mzee alikuwa akifoka. "Mke wangu akifungua mdomo, huyu akatafute kazi ya kufua."

Masikio ya Sabiri yalisimama wima. Alihama benchi, chai mkononi, tabasamu usoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani, nimesikia bila kukusudia. Kumbe mama ni mwimbaji?"

"Nailantei? Akiimba, ng'ombe wanaacha kula!"

"Ameshatoa kaseti?"

Mzee akashusha pumzi. Jina lake Keriako, kwake Kang'ata. Alishampeleka mkewe Dar es Salaam, studio wakaambiwa wasubiri wiki tatu kwenye foleni. Wiki tatu! Na ng'ombe nyumbani akamue nani?

"Mzee wangu, pole sana," alisema Sabiri, na mkono akauweka kifuani kama mtu aliyefiwa. "Ila hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi studio inakaa nyumbani kwako. Komputa, maiki, programu, basi. Unaamka, unapiga mswaki, unarekodi."

"Na wengine wakitaka kurekodi?"

"Watakuja kwako. Watapanga foleni. Na wewe ndiye utakayewaambia wasubiri wiki tatu."

Hapo mzee Keriako akasahau redio. Aliiona ile foleni kwa macho yake, imeanzia zizini kwake na kuishia huko mbali, na yeye amekaa kwenye kigoda akitikisa kichwa kukataa watu. Akamwagizia Sabiri chai ya pili na chapati mbili.

Bei ilipatikana kabla chapati hazijaisha: ng'ombe wanne wa maziwa.

Sasa, vifaa vya kweli Sabiri hakuwa navyo. Aliyekuwa navyo ni Husna, mchumba wake, ambaye chumba chake kimoja pale Manundu, Korogwe, kilirekodi kaswida, nyimbo za harusi na matangazo ya dawa ya panya. Husna alivinunua kimoja kimoja kwa miaka minne, na alivifuta vumbi kila asubuhi kabla hajajifuta mwenyewe uso.

"Ninakwenda kurekodi mama mmoja Kang'ata," Sabiri alimwambia. "Nakutafutia wateja, mpenzi."

Husna akaweka chini kitambaa cha vumbi. "Sabiri, harusi ni mwezi ujao. Wajomba zangu wote wanasema wewe ni tapeli, na mimi peke yangu ndiye ninayebisha. Ijumaa jioni vitu vyangu viwe hapa. Na nikisikia umefanya ujanja hata wa sindano, harusi hakuna. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa kweli. Maana Sabiri, pamoja na yote, alimpenda Husna mpaka akawa anaogopa. Alichotaka ni kuingia kwa wale wajomba na ng'ombe wanne mbele yake, wapanue macho, wamwite bwana harusi badala ya "yule". Akajiambia huu ndio ujanja wa mwisho. Alikuwa amejiambia hivyo mara kumi na moja, lakini safari hii alijiambia kwa uchungu zaidi.

Alhamisi asubuhi lori la Simeo, dereva rafiki yake, likaingia Kang'ata. Nyuma ya vifaa vya Husna kulikuwa na maboksi mengine yaliyofunikwa turubai: boksi la komputa iliyokufa, ndani yake vipande vya tofali, maiki ya plastiki ya kuchezea watoto, na sidii moja ya mafunzo ya kupiga chapa.

Nailantei alitoka kuwapokea. Alikuwa mama mrefu wa miaka arobaini hivi, mcheshi wa macho, mchache wa maneno.

"Ng'ombe hao wanne ni wangu," alimwambia Sabiri baada ya salamu. "Mzee alipatana na wewe, lakini ninayewakamua ni mimi. Kwa hiyo utanifundisha mimi."

"Bila shaka, mama!" alisema Sabiri, na akafundisha. Mungu amsamehe, alifundisha vizuri. Alikuwa amemsikia Husna akifundisha watu mara mia, na ulimi wake haukuwahi kusahau kitu ambacho ungeweza kukiuza. Jenereta akaiweka mbali, nyuma ya kichuguu, ili isisikike. Akaingia nyumba hii na ile akipiga makofi kusikiliza mwangwi, kwa mbwembwe tu, mpaka alipoingia ya Nailantei mwenyewe, yenye ukuta mnene wa udongo na samadi. Akapiga kofi. Hakuna mwangwi. Akapiga tena. Kimya safi! Wenye studio za Dar walikuwa wananunua magodoro wabandike ukutani wapate kimya cha namna hiyo.

"Maiki hii ni nyepesi kusikia," aliendelea. "Usiile. Acha umbali wa kiganja kimoja. Mbele yake tunatandaza kitambaa chepesi, pumzi isije ikagonga. Na ukitaka kupaza, rudisha kichwa nyuma kidogo. Usiogope. Imba kama uko zizini."

Nailantei akaimba kama yuko zizini. Ulikuwa wimbo wake wa kukamulia, anaomwimbia kila ng'ombe kwa jina lake ili aachie maziwa. Kwenye komputa mistari ilipanda na kushuka, Simeo akasahau kufunga mdomo, na Sabiri mwenyewe alisisimka mikono mpaka akaikunjua mikono ya shati afiche vinyweleo.

Waliporudisha wimbo kwenye spika, kukatokea kishindo mlangoni. Ng'ombe mmoja mweusi aliingiza kichwa ndani ya nyumba, nyuma yake wengine wakisukumana, masikio mbele, wanamtafuta mama yao ndani ya spika. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sabiri ndiye aliyecheka kupita wote.

Nailantei alipomaliza kucheka alivua uzi wa shanga za buluu na nyeupe mkononi, akaufunga shingoni mwa maiki.

"Umependeza!" Sabiri akamsifia.

"Nimetia alama," alisema Nailantei.

Sabiri akaona ni urembo. Mtu wa Manundu, hata kuku wake mwenyewe alikuwa hawajui kwa sura, angejuaje kwamba kwa mfugaji mnyama akishatiwa alama mauziano yamekwisha?

Ijumaa alfajiri akafunga mizigo mwenyewe, peke yake, mlango kaubana. "Ufungaji wa mitambo una siri zake," alisema. Alipotoka, maboksi ya tofali yalikuwa ndani ya nyumba na vitu vya Husna vilikuwa kwenye kiti cha mbele cha lori, chini ya koti la Simeo.

"Mzee, mama, nisikilizeni vizuri. Mtambo umefanya kazi, umechoka. Msifungue kabla ya siku tatu. Programu inatakiwa izoee hewa ya Kang'ata."

"Siku tatu," akaitikia Keriako kwa heshima kubwa.

Ng'ombe wanne wakapakiwa. Ndama wao wakabaki zizini wakilia, kwa sababu Sabiri hakuwahi kuuliza habari za ndama. Handeni mjini akashuka na ng'ombe wake, na Simeo akaendelea Korogwe kumrudishia Husna vitu vyake kabla jua halijazama. Kila kitu kwa wakati wake. Sabiri alilala na tabasamu.

Jumamosi mnada wa ng'ombe ulikuwa umejaa. Sabiri alikuwa ameamua kuuza wawili na kubaki na wawili wa kuwatoa wajomba macho. Alijifunga kamba zote nne kiunoni, mikono ibaki huru kwa maelezo, na sasa alikuwa kwenye maelezo matamu na mnunuzi mmoja mwenye kofia ya pama.

"Watulivu hawa, kaka. Wamelelewa kwa muziki. Ukimkamua mmoja, jirani yako analala na kiu kwa wivu."

Spika ya mnadani, iliyokuwa ikitangaza bei tangu asubuhi kwa mkwaruzo na makohozi, ilinyamaza. Kisha ikaanza kuimba.

Sabiri aligeuza kichwa. Sauti ilitoka safi, pumzi haigongi, herufi zote zinasikika. "Huyu anajua kutumia maiki," alijisemea kwa fahari ya mwalimu. "Umbali wa kiganja. Na kitambaa ameweka."

Halafu akaitambua sauti.

"Yesu na Mtume," alisema Sabiri, ambaye siku ya shida hakuwa akibagua.

Hakupata nafasi ya neno jingine. Ng'ombe mweusi alikuwa ameshasikia jina lake. Wanne wale waliondoka kwa pamoja, na Sabiri akaondoka nao. Walipita katikati ya mbuzi, wakapita juu ya meza ya sahani za bati, wakapita kwenye kamba ya mitumba ambayo ilimvalisha Sabiri koti la baridi la kike, na kelele zake zote za "Shikeni! Shikeni!" zilimezwa na vicheko vya wilaya nzima. Waliposimama, alijikuta kifudifudi mbele ya jukwaa la mtangazaji, mbele ya miguu minne.

Miwili ilivaa ndala za tairi. Miwili ilivaa viatu vyekundu alivyovinunua yeye mwenyewe, sikukuu ya Idi.

"Husna?"

"Amka, bwana koti," alisema Husna.

Mkononi alishika uzi wa shanga za buluu na nyeupe.

"Jana jioni nimepokea maiki yangu imevaa hii," alisema. "Nikajua ni ya mwanamke."

"Ni ya mwanamke," akasema Nailantei.

Kumbe Husna alimbana Simeo mpaka Simeo akataja Handeni, mnada na ng'ombe wanne. Akapanda basi la kwanza asubuhi, akapita mnadani akiwaonyesha akina mama wafugaji zile shanga na kuuliza kazi ya mkono wa nani. Wa tatu alikuwa Nailantei mwenyewe. Yeye alikuwa ameyafungua maboksi kabla vumbi la lori halijatua, maana kwake hakuna anayenunua mnyama akangoja siku tatu ndipo amtazame. Alipoona maiki ya plastiki haina alama yake, akajua yake imeondoka na lori, akachukua fimbo na mume, wakaja mnadani. Yeye na Husna wakaomba maiki ya mtangazaji.

Mzee Keriako alisogea, uso umemwiva kwa aibu. "Tofali zako zipo, ero, kijana wangu. Zimeshapumzika, njoo uzichukue."

Wazee wa mnadani walitaka apelekwe polisi. Wafugaji wawili vijana walikuwa na mawazo mafupi zaidi, yenye fimbo. Sabiri hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Husna tu, na ulimi wake, ulimi ule ambao uliuza mbegu zilizochemshwa, haukupata pa kushika.

"Nilitaka wajomba zako wanione mtu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Basi. Nimekosa."

Husna macho yalimlengalenga. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yako haina mwangwi," alisema. Akamgeukia Nailantei. "Mama, ni kweli nyumba yako ni kimya kama alivyosema Simeo?"

"Njoo uisikilize."

Wakaenda pembeni wawili, wakazungumza kidogo, wakashikana mikono. Ng'ombe wangerudi kwa mama yao. Husna angeleta vifaa Kang'ata kila mwisho wa wiki, na shanga zikarudishwa shingoni mwa maiki hapohapo, kwa sababu sasa ilikuwa ya wawili. Kaseti ingekuwa na nyimbo kumi.

"Na wewe," Husna akamwambia Sabiri, "utakaa kwenye kichuguu, ulinde jenereta na mbuzi. Tukirekodi, hutasema neno. Nyimbo zote kumi zikipita hujatia sauti yako, harusi iko palepale. Ukiongea, tunafuta, tunaanza upya."

"Kunyamaza tu?" Sabiri akacheka kwa furaha. "Hilo nalo ni jambo?"

Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye kichuguu, mdomo kaufunga kama mtu anayeumwa jino. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa tatu. Mbuzi alimla kola, akanyamaza. Wa sita, siafu wakampanda mguuni, akalia machozi bila sauti. Wa tisa ukapita na Husna akachungulia mlangoni, akamtabasamia tabasamu ambalo hakuwa ameliona tangu mambo yaharibike. Sabiri alikaribia kuruka.

Wimbo wa kumi ulikuwa katikati, ule wa kukamulia, alipotokea mtu na baiskeli. Akaegesha karibu na kichuguu, akajifuta jasho.

"Habari za hapa, kaka. Nimetoka kuuza ufuta wangu wote," alinong'ona mgeni kwa upole. "Nina hela hapa, wala sijui niifanyie nini."

Sabiri alifumba macho. Aliuma mdomo. Aliiona harusi, akawaona wajomba, akaviona viatu vyekundu. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Kaka," ulimi ukasema wenyewe, "umewahi kufikiria kufuga nyuki?"

Ndani ya nyumba wimbo ulikatika. Ng'ombe mweusi akageuka zizini kumtazama. Kisha sauti ya Husna ikatoka, safi, bila mwangwi hata kidogo:

"Tunaanza upya! Wimbo wa kwanza!"