Fimbo Ndefu Kuliko ya Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi
Mdomo wangu umeniponza tena. Jana tulikula kwa wakwe. Mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu, alikuwa anasimulia samaki aliyemvua Jumamosi. Kwa mara ya tatu! Ni muuza magodoro, mpole mpaka anakera. Baba mkwe akatabasamu. Baba mkwe hatabasamu ovyo. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na humsikiliza kila mtu kama shahidi. Hapo nikajisikia nikisema kwamba mimi tangu utotoni nilikuwa narusha ndoana mita mia.

 Baba mkwe akasema vizuri, basi Jumamosi asubuhi twende wote ufukweni.

Sijawahi kushika fimbo ya kuvulia maishani. Mimi ni fundi cherehani.

Lakini nina sababu. Baba mkwe huenda ufukweni na viti viwili vya kukunja. Kimoja chake, cha pili hukalia mwanyumba. Miaka tisa nimemuoa binti yake, na mazungumzo yetu hayajavuka hali ya hewa na vifungo vya shati. Kiti kile nakitaka. Sijamwambia mtu, hata mke wangu, lakini nakitaka sana.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umekamilika. Siri ya mwanyumba lazima iko kwenye fimbo yake, maana kwenye akili haipo. Nikiifahamu fimbo, nikanunua iliyo ndefu zaidi, kazi kwisha.

Nikapita kwake mchana kujifanya nampelekea suruali niliyompunguzia kiuno. Mkewe akasema yuko bafuni, nisubiri barazani. Na fimbo ile pale, imeegemezwa ukutani! Nikatoa futi yangu ya kupimia. Mita tatu na sentimita ishirini. Unene wa mpini, kama kifundo cha mkono cha mteja mwembamba. Nilikuwa napima rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi wa ndoana, mwanyumba akatokea na taulo begani.

Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nampima fimbo nimshonee mfuko wa kuihifadhi. Akafurahi mno! Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema hajawahi kupata shemeji kama mimi. Akaomba uwe wa buluu.

Sasa nina mfuko wa kushona.

Jumatano, 6 Machi
Dukani. Duka la vifaa vya uvuvi ni la mama mmoja mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nikamwambia nataka fimbo na rili ya kuvulia ufukweni. Badala ya kuniuzia akaanza kunihoji. Ufukwe wa mchanga au wa mawe? Mawimbi makubwa au madogo? Samaki gani? Nikamjibu wote. Akauliza wote wepi. Nikakohoa.

Akanitolea fimbo ya wastani, nyepesi, na rili ya wastani isiyoliwa na chumvi. Akasema mtu anayeanza asichukue kitu kitakachomchosha mkono, kwa sababu uvuvi wa ufukweni ni kusubiri zaidi ya kurusha. Anayeanza! Nani kamwambia? Nikamuuliza ndefu kuliko zote iko wapi. Akanitazama juu ya miwani. Akaenda nyuma, akarudi na mita nne na nusu, vipande vitatu. Akasema imekaa humo muda mrefu. Nikachukua na rili inayolingana nayo, kubwa kama kopo la maziwa ya unga.

Akataka kunivishia mshipi kwenye rili palepale, akaeleza kwamba uingie taratibu, umekazwa, kwa upande wake, la sivyo utajisokota. Nikacheka. Miaka ishirini na mbili nimeishi na uzi. Uzi anifundishe mtu mwingine! Nikabeba kila kitu nikaondoka.

Alhamisi, 7 Machi
Fimbo haienei kwenye karakana. Nimeiunganisha, ncha ikatokea dirishani na kumvua kofia mpita njia. Nimeomba radhi. Amekubali, ila amekataa kushonewa chochote.

Kuvisha mshipi kwa mkono ni kazi ya wasio na cherehani. Nikaifunga rili kwenye gurudumu la mashine, nikakanyaga pedali. Mita mia mbili kwa dakika nne! Nilijisikia fahari. Nikatamani yule mama wa duka angekuwepo aone. Mshipi ulionekana umevimbavimba kidogo pembeni, lakini hata vitambaa vipya huwa hivyo kabla ya pasi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku nzima nashona mfuko wa adui. Nilipania kuushona vibaya, nikashindwa. Mkono umekataa. Nimeuwekea bitana, zipu ndefu na kamba ya kubebea begani, na mishono miwili kwenye kitako ili usichanike. Ni mzuri, hasira zimenipanda.

Mke wangu amesimama mlangoni akatazama fimbo, akatazama mfuko, akaniuliza kama baba yake anajua kwamba sijui kuvua. Nikamwambia anajua ninachotaka ajue. Akasema haya, baba watoto, na akaenda kulala.

Jumamosi, 9 Machi
Ufukwe mtupu, hewa baridi, bahari imetulia. Mwanyumba kakaa kwenye kiti cha pili kama kawaida. Nikampa mfuko. Baba mkwe akauchukua, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono.

Kisha akasema tuone hizo mita mia.

Nikapiga moyo konde. Nikaunganisha vipande vyote vitatu. Nikarudi nyuma hatua nne, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Mshipi ukatoka wote kwa mkupuo! Ukajisokota hewani, ukanizunguka shingo, ukaanguka miguuni fundo moja kubwa kama mto wa kulalia. Chubwi, lile risasi la kuzamishia ndoana, likadondoka hatua sita mbele yangu. Kwenye mchanga mkavu.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwanyumba hakucheka. Ndiyo tabia yake mbaya, hachekagi. Akasema nitumie fimbo yake, aliyokuwa ameichomeka mchangani, ndoana tayari majini. Nikakataa. Mara fimbo hiyohiyo ikapinda, akaikimbilia majini, samaki akamvuta mbali huko kando ya ufukwe.

Baba mkwe akatazama lile fundo. Akaniambia nikae.

Kwenye kiti cha pili!

Akashika ncha moja ya mshipi, mimi nyingine. Tukaanza kufumua. Kazi hiyo naijua. Unavuta kidogo, unalegeza, hupigani nao. Baba mkwe akawa ananitazama vidole. Akasema mama yake alikuwa mshonaji, na yeye akiwa mdogo ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano macho ya mama yalipochoka. Sikujua. Hata mke wangu sidhani anajua. Akaniuliza nani alinifunza kazi. Nikamweleza fundi wangu aliyetupiga rula vidoleni kila mshono ukipinda, na siku alipoishona tai yake mwenyewe kwenye suruali ya mteja. Baba mkwe akacheka. Akacheka mpaka akafuta machozi!

Tulikaa hivyo hadi jua likawa kali. Hakugusa fimbo yake. Nilikuwa na furaha, naandika kama ilivyo, furaha hasa. Tulipomaliza akaniomba nimshonee naye mfuko. Akasema ana sanduku zima la mishipi iliyojifunga. Akasema Jumamosi ijayo nije, lakini fimbo niiache nyumbani.

Jumapili, 10 Machi
Sijatulia tangu jana. Niache fimbo nyumbani. Nimeyapima maneno hayo kila upande. Mzee ana adabu, hakutaka kuniumbua mbele ya mwanyumba, lakini nimemwelewa: fimbo ile haifai. Ilikuwa fupi! Ingekuwa ndefu, mshipi ungepata nafasi ya kujinyoosha kabla ya kujisokota. Jambo la wazi kabisa.

Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Anasema baba yake amempigia simu na kunitaja muda wote, na kwamba mama mkwe amemkuta anakifuta vumbi kiti cha pili. Nimemwambia haelewi mambo ya uvuvi.

Yule mama wa duka alitaja kwamba anaweza kuagiza ya mita tano na robo. Kesho nitakuwa wa kwanza mlangoni kwake. Haitaenea kwenye gari la baba mkwe, kwa hiyo Jumamosi nitatangulia kwa miguu na kusimama kule mwisho wa ufukwe, kwenye mawe, ili anione vizuri ninavyorusha. Kiti akikalie mwanyumba.