Nyumba Isiyo na Wenyewe

Jumanne, 6 Mei

Nimetoka Kibera na mashaka. Mabruka, Mnubi wa kijiji cha Kianda humo Kibera, amegeuza nyumba ya marehemu nyanya yake kuwa makumbusho. Watu wanatoka hata kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise kuja kuiona! Kila kitu kimeachwa kana kwamba wenyewe wametoka sasa hivi. Kitanda hakijatandikwa. Kahawa ya tangawizi inatoa mvuke. Nyuma ya ukuta, mzee anakohoa. Mabruka akatuambia tusiongee, tuisikilize nyumba. Nikamuuliza ni nani anayekohoa. Akatabasamu tu. Mtu mwema hujibu.

Alhamisi, 8 Mei

Nilirudi. Wageni walipoingia jikoni, nikajificha chini ya kitanda nimnase huyo mzee. Vumbi! Nikapiga chafya. Wageni wakaja mbio. Nikapiga ya pili. Mama mmoja akasema hapo sasa wamejitahidi, mpaka babu mwenye homa wamemweka. Wakapiga makofi!

Mabruka akanishika kiatu, akanivuta nje. Akasema anayekohoa ni mjomba wake Anwar, anaishi mlango wa pili, ana pumu. Ati ni hivyo tu. Jibu rahisi mno. Anaficha kitu.

Lakini kama makofi yanapatikana hivyo, hata Mama ana nyumba ya zamani hapa Kawangware.

Jumamosi, 10 Mei

Mama alienda matanga. Nikaahidi kulinda nyumba. Nikatawanya leso zake, nikamimina uji moto, nikaweka soksi za marehemu Baba kitandani. Kisha nikawanasa wageni wa Mabruka langoni kwake, nikawaleta. Walinyamaza vizuri sana. Nikasimama mlangoni kama bwana mkubwa.

Mama akarudi mapema. Akakuta watu asiowajua wamezunguka kitanda chake, vichwa chini.

"Muigai," aliuliza, "kwani nimekufa?"

Nikamsihi anyamaze, asiharibu maonyesho.

Wageni walitoroka mmoja mmoja. Mama akaokota soksi za Baba, akazikunja polepole. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi Mama alijipikia chai peke yake.

Mchana Mabruka akaja bila kualikwa, na bakuli la mahamri. Wageni walikuwa wamemweleza yote. Akamwambia Mama kwamba makumbusho yake ndiyo yaliyonipotosha, tafadhali anisamehe. Mama akamvutia kiti. Baadaye nikawasikia jikoni wakicheka kama dada.

Mama akaniita. "Kuja ukule, Muigai. Yameisha."

Yameisha? Wanawake wawili hawapatani upesi hivyo bila mpango. Tena wametazama paa pamoja kama wanaopanga jambo, nimewaona! Nikachukua mahamri yangu, nikatoka nje, nikampa mbwa wa jirani aonje kwanza. Sumu haina rangi. Akala yote, akalamba na mkono wangu.

Sasa giza limeingia na mimi nina njaa. Mbwa ni mzima kabisa, anatikisa mkia.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.